Mawe ya Mama Paskali

Mwaka wa themanini na nne nilikuwa na kibanda cha kushonea viatu pale Bagara, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya Mwalimu Teodori. Kibanda changu kilitazamana na mlango wao moja kwa moja, kwa hiyo mengi nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Ya ndani ya nyumba niliambiwa baadaye na Mwalimu mwenyewe, na mengine na mama yake, Bibi Ursula. Nisiyoyajua nitayaacha.

Kwanza nieleze habari ya mawe, maana vijana wa leo hawaijui. Miaka ile sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilipatikana kwa foleni, kwenye duka la ushirika la mtaa. Lori la mzigo lilikuja siku lilipotaka. Hakuna mtu aliyeweza kusimama foleni siku tatu akaacha shamba na watoto, kwa hiyo tuliweka mawe. Jiwe lako lilisimama badala yako. Lakini jiwe peke yake halikuwa na nguvu. Lilihitaji shahidi, mtu aliyesimama pale kwa miguu yake, ambaye ugomvi ukizuka angesema, "Hili ni la fulani, nililiona likiwekwa." Jiwe lisilo na shahidi lilipigwa teke. Na mwenye jiwe alipofika, aliliinua, akasimama palepale lilipokuwa. Taratibu hizo hazikuandikwa popote, na kila mtu alizijua.

Shahidi wa mtaa wetu alikuwa Kandida, mke wa Mwalimu, ambaye tulimwita Mama Paskali kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo. Watoto wake wanne hawakuwahi kupita mbele yangu na kifungo kilichokatika. Mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, alitolewa juani kila asubuhi akiwa ameoga na kupakwa mafuta, kama mafuta yapo. Na mashati ya Mwalimu yalikuwa meupe. Nasema meupe katika mwaka ambao sisi wengine tulifanana na vumbi la barabarani.

"Mama Paskali," Salme alimwambia siku moja, "huyo mume wako anang'aa kama mshumaa wa kanisani. Unamfulia kwa maziwa?" Salme, yaani Mama Tunu, alikuwa jirani yetu, mke wa Bushiri mwenye duka la vitambaa ambalo halikuwa na vitambaa.

"Majivu ya maganda ya maharage," alijibu. "Nikuletee?"

"Mimi wa kwangu akiwa mweupe hivyo nitamwogopa."

Kandida alikwenda foleni alfajiri akiwa na kikapu cha mawe ya watu. "Mama Paskali, unikumbuke na mimi," walimwambia akipita. Sikuwahi kumsikia akikataa. Alilijua kila jiwe. La Salme lilikuwa na mstari mweupe. Langu lilikuwa na ufa kama wa kisigino, na alinitania kwamba nilishone. Alijua pia kila mmoja anasubiri nini, kwa sababu shahidi aliulizwa hata hilo: huyu anataka sabuni au anataka sukari?

Mwezi wa sita lori lilikuja mchana, siku ya nne ya foleni. Muuzaji alikuwa mgeni. Alifungua mlango, akatazama ile safu iliyochanganyika watu na mawe, akasema, "Mimi nauzia watu, siuzii mawe." Basi. Waliokuwa na miili wakasukumana, na mawe yakatawanyika chini ya miguu yao. Mimi nilifika wakati vumbi limekwisha kupanda. Nilimwona Mama Paskali katikati, ameinama, anaokota. Alikuwa akisema, "Hili la Fundi. Hili la Mama Tunu. Jamani, hili ni la Balozi," na hakuna aliyesikia. Mwenyewe alikuwa wa nane kutoka mlangoni, kwa miguu yake. Angesimama tu, angepata sabuni. Alipomaliza kuokota, sabuni ilikuwa imekwisha.

Alirudi na kikapu kimejaa. Alipita nyumba kwa nyumba kurudisha mawe, akafika kwangu mwisho.

"Nisamehe, Fundi."

"Kosa si lako, Mama Paskali."

"Nilikuwa shahidi," alisema, akaliweka jiwe langu juu ya meza, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Yaliyofuata yalitokea ndani. Mwalimu aliniambia kwamba usingizi ulimwacha. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Wakati wa kula alianza kuweka kokoto mbele ya kila sahani. Mtoto mdogo akinyoosha mkono, alimshika: "Subiri. Wewe ni wa nne." Watoto walicheka. Hata Mwalimu alicheka, akasema, "Leo hata ugali una foleni?" Ulikuwa ugali wa ule unga wa njano tuliouita Yanga. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, maana waligundua kwamba yeye hana kokoto, na asiye na kokoto hakuwa akila.

Niliwahi kuona sinema, gari la serikali lilipokuja kuonyesha picha kwenye uwanja wa mpira. Ilihusu mke mwema aliyeharibikiwa na akili. Alivunja vyombo, akapiga mayowe, akachana mapazia, na watu waliokaa karibu nami wakasema ndivyo wazimu ulivyo. Labda ni kweli kwa wengine. Mama Paskali hakuvunja hata kikombe. Nyumba yake ilizidi kuwa safi. Mashati yalizidi kuwa meupe hadi kitambaa kikaanza kuonyesha ngozi ya Mwalimu.

Bibi Ursula ndiye aliyesema wazi. "Huyu mwanamke ameondoka," alimwambia mwanawe. "Kilichobaki hapa ni mikono yake, inafanya kazi." Kisha akatuma ujumbe Mbulu, kwa Xavery, kaka wa Kandida, aje Jumamosi na basi la mchana amchukue dada yake. Akafunga nguo zote za Kandida kwenye kanga. Sisi tuliokuwa tunafahamu mambo ya nyumba hizo tulielewa maana yake. Mwanamke akirudishwa kwao na nguo zake zote, watoto hubaki, na yeye harudi.

Mwalimu alikuja kibandani Ijumaa, akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kuvua kiatu.

"Fundi, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mama anasema akibaki atakufa njaa mbele ya watoto. Na nikimpeleka hivyo, nimemtupa. Nani atawafaa watoto wangu kuliko yeye?"

Alikaa mpaka kiberiti changu cha mwisho kikaisha kwa sigara zake, akaenda.

Jumamosi nilifungua kibanda mapema. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, na ukungu ulikuwa umesimama upande wa ziwa lililo chini ya mtaa wetu. Nikaona mawe. Yalianzia kwenye kizingiti cha mlango wa Mwalimu, yakavuka ua, yakapita mbele ya kibanda changu, yakashika ukingo wa barabara kuelekea ziwani. Yalikuwa ya ukubwa wa ngumi, mengine bado yana maji, na kati ya jiwe na jiwe kulikuwa na hatua moja, sawasawa, kama yamepimwa kwa kamba.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza. Sikufikiri habari ya ugonjwa. Kichwa changu kilikuwa kimefunzwa na miaka mitatu ya foleni, nacho kiliniambia neno moja: sabuni. Nilichukua jiwe langu lenye ufa, lililokuwa likizuia mlango wa kibanda, nikakimbia kwenda mwisho wa safu. Nilihesabu hatua nikienda. Mia tatu na kumi na mbili. Nikaliweka, nikasimama nyuma yake.

Salme alitoka na ndoo ya maji. "Fundi, kuna nini?"

"Sijui. Nadhani sabuni."

"Kwa Mwalimu? Kimyakimya hivi?" Akatua ndoo. "Na lile shati lake jeupe la komunio! Nilijua tu kuna kitu. Nilindie hapo nyuma yako." Akakimbia kuleta jiwe lake.

Baada ya saa moja tulikuwa watu zaidi ya sitini. Wengine walitoka Nakwa kwa miguu. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana foleni ikiwepo, unaingia kwanza, habari unapata ukiwa ndani yake. Ndipo akafika Mzee Shomari, balozi wa nyumba kumi, amevaa kofia yake na uso wa kazi. Mwaka uliotangulia walanguzi walikuwa wamesakwa nchi nzima, na kuuza bidhaa nyumbani lilikuwa jambo la kumpeleka mtu ndani. Akagonga mlango, na waliokuwa karibu walitupitishia kila neno hadi mwisho wa safu.

"Mwalimu! Fungua. Unauza nini humu?"

Mwalimu alitoka shati limefungwa kifungo kimoja. Alitutazama, akatazama mawe, na sijui ni kipi kilichomshtua zaidi. Nyuma yake alisimama Bibi Ursula na ule mzigo wa kanga mkononi, tayari kwa basi.

"Shikamoo, Mzee. Hapa hakuna kinachouzwa," Mwalimu alisema. "Kuna mgonjwa tu."

"Anaumwa sabuni!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka.

Wakati huohuo Mama Paskali alitokea upande wa ziwa. Alikuwa peku, kanga imelowa hadi magotini, na mkononi ana jiwe moja. Alikuja akitazama chini, akaliweka mwisho kabisa wa safu, hatua moja nyuma ya mtu wa mwisho. Ndipo akainua macho akatuona. Nimejaribu mara nyingi kueleza uso ule. Ulikuwa kama wa mtu aliyekaa stendi siku nyingi, akaona hatimaye basi linakata kona.

"Mmekuja," alisema.

Alitembea safu yote hadi mlangoni, nasi tukamfuata, akasimama penye jiwe la kwanza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hili la Mama Tunu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Kitambaa cha gauni la shule. Tunu alikaa nyumbani wiki tano." Akapiga hatua. "Hili la Fundi. Uzi. Anashonea uzi anaoufumua kwenye magunia, na wateja wanamtukana." Hatua nyingine. "Hili la Alois, mafuta ya taa. Hili la Alois, dawa ya malaria. Hili la mama mkwe. Sukari ya uji, alipoumwa Kwaresima."

Tulielewa polepole, kila mtu kwa wakati wake. Kila jiwe lilikuwa siku moja ambayo mtu mmoja alirudi mikono mitupu. Miaka mitatu, mtaa mzima, kwa mpangilio wa tarehe. Alikuwa amezibeba siku hizo zote kichwani kama alivyobeba mawe yetu kikapuni, na baada ya siku ile ya duka hakujua pa kuzitua. Nilikuwa nimesimama nyuma nikisikiliza kwa makini ili nimkamate akikosea. Kwa yale niliyoyajua mimi, hakukosea hata moja.

"Hili la Balozi," alisema. "Bafta ya sanda ya mama yake. Haikupatikana. Akamzika kwa shuka la kitanda, la maua, na hakumwambia mtu."

Mzee Shomari alivua kofia. Alibaki ameishika kwa mikono miwili, na uso wa kazi ukamtoka. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka, watu wenye mashamba ya kupalilia walikuwepo, wenye watoto mgongoni walikuwepo, na tulimfuata jiwe kwa jiwe, hakuna aliyeondoka. Nimeingia makanisani na nimehudhuria mazishi makubwa. Watu wa kusimama namna ile sijawakuta tena.

Mawe ya Bibi Ursula yalikuwa kumi na moja, na wajukuu walimpelekea habari ya kila moja mlangoni. "La mama mkwe. Mafuta ya miguu, inapasuka. La mama mkwe. Blanketi. La mama mkwe. Sabuni, maana hapendi kunuka majivu." Kwenye la tano kikongwe yule aliketi juu ya mzigo alioufunga mwenyewe. Kwenye la tisa alijifunika uso.

Mama Paskali alipofika kwenye jiwe la mwisho la Alois, alisimama akasubiri mtu aitike.

"Alois hayupo, mama," Salme alisema taratibu. Alois, jirani yetu, alikuwa amefariki mwezi wa tatu.

"Najua. Nilikuwa shahidi wake."

Jua lilikuwa karibu utosini alipomaliza. Alisimama mwisho wa safu, mikono imening'inia. Salme ndiye aliyeuliza, na nadhani aliuliza kwa wema tu, kama mtu anavyouliza wageni wote wamepata chai.

"Na lako, Mama Paskali? Lako liko wapi?"

Alitazama nyuma. Akarudi hatua chache, akainama, akagusa jiwe, akagusa lingine. "Langu," alisema. "Mimi nilikuwa nasimama mwenyewe." Akatafuta tena. "Mimi nilikuwa nasimama…" Akaketi barabarani, vumbini, mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona ameketi mchana.

"Nimechoka," alisema.

Ni neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mwalimu alikuja mbio akapiga magoti kando yake. Sisi wengine hatukujua la kufanya, kwa hiyo tukafanya tulilolizoea. Mimi nilikwenda penye jiwe langu la kwanza, nikaliinua, nikasimama hapo. Balozi akafanya vivyo hivyo. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya amri, "Kila mtu achukue ya kwake, ayabebe nyumbani." Yangu yalikuwa tisa, na yalikuwa mazito. Kila jiwe lilipoinuliwa yeye alilitazama, na niliona mabega yake yakishuka, kidogo, kidogo tena. Mawe ya marehemu na ya waliohama yalibaki barabarani. Yalikaa pale mpaka greda lilipopita mwaka uliofuata.

Xavery alifika na basi la mchana. Alikuwa mkulima mrefu mwenye koti la mvua, ingawa hapakuwa na mvua. Alimkuta dada yake kwenye mkeka kibarazani, kichwa kwenye paja la Mwalimu, amelala.

"Nimekuja kumchukua, kama mlivyoniita," alisema, na aliusema uchungu wake wote kwa maneno hayo.

Mwalimu alimtazama mama yake. Nasi tuliokuwa bado na mawe mikononi tulimtazama pia. Bibi Ursula aliinuka kwa shida kutoka kwenye mzigo. Aliufungua palepale uani, mbele ya watu. Akatoa magauni mawili, akatoa kitenge cha Jumapili, akatoa viatu, akampa mjukuu avirudishe ndani. Zilizobaki akazifunga upya. Mzigo ulikuwa nusu.

"Anakwenda kupumzika," alimwambia Xavery. "Mtu anayerudi habebi nguo zote."

Halafu akachukua jiwe moja katika yale kumi na moja yake, akaliweka katikati ya kizingiti. "Hapa ni mahali pake. Jiwe hili ni lake."

Xavery hakuwa mtu wa mjini, lakini foleni zilikuwepo hata Mbulu. Alilisogelea lile jiwe.

"Shahidi wake nani?"

"Mimi," Bibi Ursula alisema.

Kandida alikuwa ameamka. "Mashati je?" aliuliza. "Nani atafua mashati?"

"Mimi nitafua," alisema Mwalimu.

"Tutaona!" alisema Salme, na ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu asubuhi, na cha Kandida mwenyewe kilikuwemo, chembamba, kama kimetoka mbali.

Alikaa kwao miezi minne. Kila aliyeingia nyumba ya Mwalimu alijikwaa kwenye jiwe, na Bibi Ursula, kutoka kwenye kiti chake cha juani, alimkaripia: "Ruka! Kuna mtu amesimama hapo." Karani mmoja wa kata aliwahi kulisogeza kwa mguu. Hadi leo nadhani anayakumbuka matusi aliyoyapata. Mashati ya Mwalimu yaligeuka rangi ya Yanga, na alifundisha nayo hivyohivyo.

Kandida alirudi mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, akitembea polepole kutoka stendi na Xavery amembebea mzigo. Alikuwa amenenepa kidogo. Sitasema alipona kabisa, kwa sababu miaka iliyofuata kulikuwa na majuma ambayo hakutoka nje, na Mwalimu alijifunza kupika. Lakini kikapu cha mawe hakukishika tena. Tulipeana zamu.

Siku hiyo alifika uani, akamwona mumewe mlangoni.

"Shati la nani hilo?" aliuliza.

"Langu."

"Mungu wangu."

Kisha akaliona jiwe. Bibi Ursula alisema kutoka kitini kwake, "Ni la Kandida. Nililiona likiwekwa." Alimwita kwa jina lake, si Mama Paskali.

Kandida aliinama, akaliinua kwa mikono miwili, akasimama palepale lilipokuwa, kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alikaa hivyo kitambo kirefu akipumua. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha. Watoto walikuwa ndani, mumewe mbele yake, kaka yake na mzigo nyuma yake, na sisi ng'ambo ya barabara tumesimama chini ya paa la kibanda changu. Hakuna aliyemsukuma.